Difu inalia: kabla hujafungua gia za ekseli ya nyuma

Gari linaanza kuvuma ukifika kilomita 70 kwa saa. Sauti inatoka nyuma, au angalau unadhani inatoka nyuma. Unazima redio, unapandisha vioo, unamuuliza aliyekaa kiti cha nyuma kama na yeye anaisikia. Siku ya mapumziko unalala chini ya gari, unakuta difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, imelowa oili, na hukumu inatoka hapo hapo: gia zimekwisha.

Huenda zimekwisha kweli. Ila mimi gia zenyewe, kraunweli na pinioni, huzishuku mwisho. Vitu vingi vinavyolia nyuma ya gari ni rahisi kutengeneza kuliko hizo, na ukizigusa bila sababu unavuruga mpangilio uliowekwa kiwandani kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Gia nzima zikifunguliwa na kurudishwa ovyo zitalia kuliko mbovu.

Tuelewane majina kwanza. Propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi, inaingia mbele ya difu na kuzungusha pinioni, gia ndogo yenye meno machache. Pinioni inazungusha kraunweli, ile gia kubwa ya duara. Kraunweli imefungwa kwa bolti kwenye kasha, na ndani ya kasha kuna gia ndogo ndogo, spaida na wenzake wa pembeni, zinazoruhusu tairi la nje likimbie kuliko la ndani kwenye kona. Kutoka hapo hafu shafti mbili zinakwenda kwenye matairi. Kraunweli ikiwa na meno 41 na pinioni 10, uwiano ni 4.10: tairi likizunguka mara moja, propela imeshazunguka mara nne na ushee.

Inavuma au inaimba

Tafuta barabara ya lami iliyonyooka isiyo na magari. Endesha kwa mwendo ule ule unaoleta sauti, halafu sikiliza katika hali tatu: umekanyaga mafuta na gari linavuta, umeshikilia mwendo bila kuvuta wala kuachia, umeachia mafuta na gari linajizuia kwa injini.

Sauti isipobadilika katika zote tatu, bali inabadilika ukihama lami laini kwenda lami ya kokoto, hayo ni matairi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, mbele na nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, umepata mhalifu bila kushika spana. Hamisha matairi ya nyuma yaende mbele. Sauti ikihama nayo, kesi imefungwa.

Sauti nzito ya kunguruma, inayokua na mwendo na kubadilika ukiyumbisha usukani kushoto na kulia, mara nyingi ni beringi ya tairi. Ya difu ni nyembamba zaidi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Tairi lenye mzingo wa mita 2 kwenye kilomita 60 kwa saa linazunguka mara 500 kwa dakika. Beringi ya tairi nayo inazunguka hivyo hivyo. Pinioni kwa uwiano wa 4.10 inazunguka mara 2,050. Na meno yenyewe yanakutana mara 20,500 kwa dakika, yaani kama mara 340 kwa sekunde, na hiyo ni noti ya kuimba kabisa. Kwa hiyo inayonguruma chini chini ni beringi ya tairi, inayovuma juu kidogo ni beringi ya pinioni, na inayoimba kama mbu aliyenenepa ni meno ya gia.

Ikiimba ukikanyaga mafuta tu, upande wa mbele wa meno ndio umechoka, au oili imepungua, au kuna mtu aliwahi kufungua difu hiyo akaikosea kina cha pinioni, yaani jinsi inavyoingia kwenye kraunweli. Ikiimba ukiachia mafuta tu, usiseme gia bado. Shika flanji ya pinioni, mahali propela inapofungwa, uivute na kuisukuma, juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi za pinioni zimelegea, na pinioni inatembea mbele na nyuma kila unapobadilisha mguu. Flanji nzima haichezi kabisa upande huo.

Kulia kwenye kona tu, huku ukienda moja kwa moja pako kimya, ni habari za spaida na washa (visahani) zake au beringi ya tairi lililo nje ya kona. Kama difu yako ni ile ya kubana, inayozuia tairi moja kuzunguka bure, yenye klachi ndani, kukwaruza na kutetemeka kwenye kona kali mara nyingi ni kwa sababu mtu alijaza oili bila kiongezeo chake. Badilisha oili, weka kiongezeo, zungusha gari namba nane mara kadhaa kwenye uwanja mpana, kisha usikilize tena. Niliwahi kuona difu nzima ya aina hiyo ikifumuliwa kwa kosa la chupa moja.

Inagonga ukiweka gia

Kile kishindo cha nyuma unapotoka rivasi kwenda mbele kinawatisha wengi, nacho kwa kawaida si cha kraunweli. Weka vigingi kwenye matairi ya mbele na ya nyuma, weka gia huru, ingia chini, shika propela na uizungushe kwa mkono huku na huku. Sasa tazama ni wapi panapoanza kucheza. Krosi, kiungo cha propela kinachojikunja, ikicheza utaona upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata. Kama krosi ni nzima lakini meno ya kuteleza ya propela yanayumba, jibu ni hilo. Angalia pia bushi za mikono ya ekseli, boliti za spring, na mpira wa kushikilia gia boksi.

Hesabu nyingine ndogo. Nafasi kati ya meno ya pinioni na kraunweli kwenye difu nyingi huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25. Kwa pinioni ya ukubwa wa kawaida, nafasi hiyo inaipa flanji mchezo usiozidi takriban nusu digrii. Huwezi hata kuuona vizuri kwa macho. Kwa hiyo flanji ikizunguka robo ya kiganja kabla matairi hayajaitikia, mchezo mwingi umetoka kwenye spaida na meno ya hafu shafti, vitu vinavyochakaa taratibu na vinavyoweza kugonga miaka mingi bila kuvunja chochote. Kero ni kero, lakini usinunue kraunweli kwa ajili yake.

Mlio wa kugonga wa aina nyingine ni ule wa *ta… ta… ta…* wenye mpigo. Endesha polepole kama mtu anayetembea, kioo wazi, mtu mwingine nje akitazama tairi. Ukigonga mara moja kwa kila mzunguko wa tairi, jino la kraunweli limekatika au kuna kitu kwenye breki au jiwe kwenye kashata. Tazama hivyo viwili vya mwisho kwanza. Ukigonga mara nne kwa mzunguko, ni kitu kinachokwenda na propela: krosi, au jino la pinioni. Jino likishavunjika, acha kuendesha. Kipande chake kikiingia kati ya gia, kinaweza kupasua kasha na kufunga matairi ya nyuma gari likiwa kwenye mwendo.

Oili inasema mengi

Kabla ya kufungua chochote kingine, fungua plagi ya kujazia na uingize kidole. Oili inatakiwa iwe usawa wa tundu au chini yake kidogo. Usiigusapo, umepata sababu ya mlio, na pengine umewahi.

Kisha fungua plagi ya kumwagia. Nyingi zina sumaku. Ukikuta imevaa matope ya kijivu laini kama grisi, futa na ushukuru. Huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma kinachosuguana. Ukikuta vijipande vya kung'aa kama magamba ya samaki, beringi zinamenyuka. Ukikuta kipande chenye pembe, chenye upande mmoja laini wa kung'aa na mwingine wenye chembe chembe za kijivu kama sukari iliyovunjika, hilo ni jino. Oili nyeupe kama chai ya maziwa ina maji ndani: umepita kwenye mto, au kipumulio kimekufa.

Kipumulio hicho ni kofia ndogo juu ya ekseli, na wengi hawajui kama ipo. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto hewa inatanuka na kusukuma oili kupitia sili, ile pete ya mpira inayozuia uvujaji. Mtu anabadilisha sili mara tatu kwa mwaka, kumbe tatizo ni tope la ukubwa wa punje ya mchele.

Na oili yenyewe iwe ya daraja la GL-5, kwa unene ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi 75W-90 au 80W-90. Pinioni ya difu za kisasa imekaa chini ya kitovu cha kraunweli, kwa hiyo meno hayabiringiki tu bali yanatelezeana kwa mgandamizo mkubwa, na oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka pale katikati. Usiichukulie GL-5 kuwa ndiyo bora kila mahali ukaijaza na kwenye gia boksi. Baadhi ya viongezeo vyake huweza kula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza.

Sili ya pinioni, na ujinga wangu

Gari langu la kwanza lilikuwa linavuja mbele ya difu. Sili ni kitu kidogo. Nilifungua nati ya flanji, nikang'oa sili, nikagongea mpya kwa kipande cha bomba, nikarudisha nati, nikaikaza, nikaongeza bomba refu kwenye mkono wa spana, nikaikaza tena hadi nikaona nyota. Uvujaji uliisha. Baada ya wiki mbili difu ambayo haikuwahi kulia ikaanza kuimba, na baada ya mwezi ilikuwa inavuma hata ukienda dukani.

Kati ya beringi mbili za pinioni huwa kuna bushi nyembamba ya chuma inayobonyea unapokaza nati. Kadiri inavyobonyea, beringi zinabanwa. Kipimo chake hakiko kwenye ukazo wa nati, kiko kwenye uzito wa kuizungusha pinioni: beringi mpya mara nyingi hutaka nguvu ya kati ya Nm 1.7 na 3.4 tu kuizungusha, na zilizotumika hutaka kama nusu yake. Ukipita hapo huwezi kurudisha nati nyuma kidogo ukasema yameisha. Bushi ikishabonyea haivimbi tena, beringi zitalegea. Inabidi ivuliwe na kuwekwa mpya. Mimi sikujua, nikapika beringi.

Mzee mmoja fundi aliyenifungulia aliitazama ile nati, akanitazama mimi, akasema, "Kijana wangu, hii umeikaza au umeilaani?"

Kwa hiyo kama ni sili tu: piga alama ya ponchi kwenye nati, flanji na ncha ya shafti kabla ya kufungua, hesabu nyuzi zilizojitokeza, pima uzito wa kuzungusha matairi yakiwa hewani na propela imevuliwa. Rudisha kwenye alama, ongeza kidogo sana, pima tena. Kazi hiyo inafanyika nyumbani bila shida.

Umethibitisha ni gia. Nani azibadilishe?

Watu hufikiri ugumu upo kwenye kufungua. Kufungua ni misuli tu na oili ya kunuka kwenye nywele. Ugumu upo kwenye kupima.

Gia hizi zinauzwa kwa jozi kwa sababu zimesagwa pamoja kiwandani hadi zikazoeana. Pinioni mpya na kraunweli ya zamani ni ndoa ya kelele. Ukishapata jozi, lazima uweke mambo manne: kina cha pinioni, mbano wa beringi zake, nafasi kati ya meno, na mbano wa beringi za kasha. Ukigusa moja unasogeza na lingine. Kina hurekebishwa kwa shimu, yaani visahani vyembamba vya kujazia nafasi, na shimu ya milimita 0.05 inatosha kubadilisha matokeo. Kwenye ekseli nyingi shimu hiyo inakaa nyuma ya beringi iliyopigwa presi, maana yake kila ukikosea unavuta beringi, unabadili shimu, unapiga presi tena. Wazoefu hutengeneza beringi ya kujaribia kwa kupanua tundu la beringi kuukuu ili iingie na kutoka kwa mkono. Kama huna hiyo, huna presi, na huna geji ya mshale, ile yenye uso kama saa, jibu lako umeshalipata.

Hakimu wa mwisho ni rangi. Unapaka rangi nzito ya njano kwenye meno matano au sita ya kraunweli, unazungusha mbele na nyuma huku mwenzako akizuia kwa kipande cha ubao, kisha unatazama. Pale yalipogusana rangi imesukumwa na kuacha doa jembamba, kama alama ya mdomo kwenye kikombe. Linatakiwa kukaa katikati, kati ya ncha na shina la jino. Likizama kwenye shina, pinioni imeingia mno. Likipanda kwenye ncha, iko mbali. Likielekea mwisho wa ndani wa jino, nafasi kati ya meno ni ndogo. Likielekea mwisho wa nje, ni kubwa. Nimemwona fundi akirudia zoezi hili mara saba kabla hajaridhika, na hakuona haya. Asiyerudia hata mara moja ndiye wa kumwogopa.

Kuna ekseli zinazokupa njia rahisi. Toyota nyingi za zamani zenye ekseli ngumu, na ile Ford ya inchi 9, zina difu inayotoka mzima mzima kwa mbele, gia zikiwa zimeshapangwa ndani yake. Hapo kazi ya nyumbani ni halali kabisa: unatoa hafu shafti, unafungua propela, unashusha difu, unapandisha nyingine iliyokwisha kupangwa. Ni nzito kumshinda mtu mmoja aliyelala chali, kwa hiyo tafuta jeki ya kubebea na msaidizi. Zile zenye kifuniko cha nyuma, ambapo kila kitu kinapangwa ndani ya ekseli yenyewe chini ya gari, mimi nampelekea mwenye vifaa.

Njia ya katikati, nayo ndiyo naipenda: unafungua mwenyewe, unasafisha, unapeleka difu na jozi mpya mezani kwa fundi, anapanga, unarudisha. Unaokoa saa nyingi za kulipia, na sehemu ya kupima anaifanya anayeifanya kila siku.

Ukienda kwa fundi, usimuulize kama anaweza. Kila fundi anaweza. Muulize nafasi ya meno ataiweka ngapi na ataipima kwa nini. Mwombe akupigie picha ya rangi kwenye meno kabla hajafunika. Anayesema anasikia kwa mkono, mshukuru na uondoke.

Ukifanya mwenyewe, mambo machache yasikuponyoke. Matairi ya mbele yawe na vigingi, gari likae kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi. Usijaribu difu kwa injini gari likiwa kwenye stendi: tairi moja likisimama, la pili linazunguka mara mbili ya spidi unayoiona kwenye dashibodi. Vifuniko vya beringi za kasha vipigwe alama, kushoto na kulia, juu na chini, kwa sababu vilichongwa vikiwa mahali pake. Hafu shafti nyingine zinashikwa na klipu ndani ya difu, nyingine kwa sahani kule kwenye tairi. Jua yako ipi kabla hujaanza kuvuta kwa nyundo. Hesabu meno ya zamani kabla ya kununua mapya. Na kama gari linavuta matairi yote manne, uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele, la sivyo difu mbili zitashindana barabarani hadi moja ikubali kushindwa.

Imerudi, bado inalia

Mlio mpya ambao haukuwepo, ukikanyaga au ukiachia, maana yake ni doa la rangi halikuwa mahali pake. Usidanganywe kwamba utazoea, gia hazizoei. Kuvuma muda wote ni beringi iliyobanwa mno au kuumizwa kwenye presi. Kugonga ambako hakukuwepo, angalia kwanza kama bolti za kraunweli zilikazwa kwa kipimo na kwa gundi ya nyuzi.

Joto ndilo kipimo chako cha haraka. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 25 hadi 30, bila kuvuta mzigo na bila kukimbizana na mtu, kisha simama na uache difu ipoe kabisa. Ila ukisimama tu, kabla haijapoa, nyunyizia tone la maji mbele ya pinioni. Likikauka taratibu, endelea. Likichemka na kuruka, beringi zimebanwa mno. Usiendelee na safari ya kurudi kwa matumaini. Kilomita 800 za mwanzo usivute trela. Zikifika, mwaga ile oili, futa sumaku kwa kitambaa cheupe, uiangalie kwenye jua, halafu jaza mpya.